Mkutano ng'ambo ya Rusizi, wakimbizi Kavimvira

Usiku ukiwa mweupe, taa za Bujumbura huonekana kutoka Uvira, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ukivuka mpaka wa Kavimvira, Gatumba hii hapa. Kwa hiyo namna chama tawala cha Burundi, CNDD-FDD, kinavyompata mgombea wake wa urais ni habari yetu pia.

Tena chama chenyewe kilipitia huku. Léonard Nyangoma alianzisha CNDD mwaka 1994, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, na wapiganaji wake wa FDD waliweka ngome upande wa Uvira mpaka waasi wa AFDL walipouteka mji Oktoba 1996. Chama kiliposhika serikali mwaka 2005, mazoea ya vitani hayakuachwa msituni. Hussein Radjabu, mwenyekiti aliyeogopwa na wengi, aling'olewa katika kongamano la Ngozi mwaka 2007, kisha akafungwa.

Mwaka 2015 ndio unaofundisha zaidi. Jenerali Godefroid Niyombare, mkuu wa upelelezi, alimshauri Rais Pierre Nkurunziza asigombee muhula wa tatu; Februari akaachishwa kazi. Vigogo waliotia saini waraka wa kupinga muhula huo wakatimuliwa chamani. Kongamano la chama lilipokutana tarehe 25 Aprili, mchujo ulikuwa umekwisha: waliobaki ukumbini walikuwa wa kupitisha tu. Sauti iliyonyimwa nafasi ndani ikatokea barabarani siku iliyofuata. Tarehe 13 Mei Niyombare alitangaza mapinduzi, yakashindwa. Familia zikavuka mto Rusizi na vifurushi kichwani, zikapokelewa Kavimvira, kisha zikapelekwa Lusenda, kambi mpya kando ya ziwa katika wilaya ya Fizi.

Miaka mitano baadaye Nkurunziza hakugombea. Ilisemwa sana kwamba alimtaka Pascal Nyabenda, Spika wa Bunge, huku majenerali wakimtaka katibu mkuu Évariste Ndayishimiye, mwenzao wa msituni tangu 1995. Tarehe 26 Januari 2020, huko Gitega, likatangazwa jina la Ndayishimiye. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba chama hicho kina wenyewe, na rais ni mmoja wao tu.

Kwetu Kongo wakubwa walipata funzo jingine. Rais Joseph Kabila alimteua Emmanuel Ramazani Shadary kuwa mgombea wa urais tarehe 8 Agosti 2018, siku ya mwisho ya kupokea majina, na muungano mzima wa FCC ukajipanga nyuma yake. Matokeo rasmi yalimweka wa tatu. Baraka za wakubwa zilimpa tiketi; kura hazikumfuata.

Upande wa Burundi, Ndayishimiye aliapishwa Gitega tarehe 18 Juni 2020. Siku hiyo Lusenda ilikuwa bado na Warundi waliokimbia uteuzi wa 2015, na watoto wa kwanza kuzaliwa humo walikuwa wanakaribia umri wa kuanza shule.