Mkonge na namba yake iliyofutwa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Juma hili nataka tuzungumze juu ya daftari moja kubwa la biashara ya dunia. Wengi wetu hatujapata kulitia machoni, lakini shehena haitoki wala kuingia kihalali katika bandari za Dar es Salaam, Tanga au Mombasa bila kupewa namba kutoka ndani yake.

Watu wa forodha huliita HS. Kila bidhaa ina tarakimu sita. Mbili za kwanza zinataja sura, mbili zinazofuata zinataja fungu, na mbili za mwisho zinataja kifungu. Kahawa, chai na viungo vimo sura ya 09. Kahawa ni 0901, karafuu ni 0907. Buni mbichi ina namba yake, 0901.11, na kahawa iliyokaangwa ina yake, 0901.21. Kwa njia hiyo ofisa forodha wa Tanga na mwenzake wa Hamburg, ambao hawajuani wala hawasemi lugha moja, huelewana juu ya kilichomo ndani ya gunia.

Kwa nini jambo hili likaleta haja ya mikutano na mikataba? Kwa sababu jina la kitu ni fedha. Mwaka 1893 Mahakama Kuu ya Marekani ililazimika kuamua kama nyanya ni tunda au ni mboga. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1883 ilitoza mboga ushuru wa asilimia 10, na matunda yaliachwa. Waagizaji wakadai kwamba nyanya ni tunda. Majaji wakakubali kwamba kwa elimu ya mimea nyanya ni tunda kweli, lakini watu huila pamoja na chakula kama mboga, kwa hiyo ushuru ulipwe.

Kila nchi ikiwa na orodha yake na majina yake, hesabu za nchi mbili haziwezi kulingana. Ndiyo maana mwaka 1913 nchi 29 zilitia saini mjini Brussels, Ubelgiji, orodha ya pamoja ya takwimu yenye bidhaa 186 tu, katika makundi matano. Mwaka 1937 ikaja orodha ya Geneva, chini ya Shirikisho la Mataifa. Mwaka 1950 ukafuata mkataba mwingine wa Brussels. Hatimaye mkataba wa HS ukatiwa saini mwaka 1983 na kuanza kutumika Januari 1, 1988. Leo nchi na maeneo zaidi ya 200 hufuata daftari hilo, ambalo hutunzwa na Shirika la Forodha Duniani.

Sasa nirudi nyumbani, kwenye mkonge.

Mwaka huo huo wa 1893, Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutokana na miche hiyo 62 likachipuka zao lililojenga mji wa Tanga na kujaza mabehewa ya reli kwa miaka mingi.

Tusisahau ni nani waliolijenga. Vijana walichukuliwa kutoka mikoa ya mbali, na kuanzia mwaka 1944 kazi hiyo ya kuwakusanya ilikuwa na ofisi yake maalumu, SILABU. Walipofika mashambani walihesabiwa kwa namba. Wakaitwa manamba, na neno hilo limebaki katika Kiswahili chetu hadi leo. Kwa jasho lao Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000.

Halafu zikaja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka pori. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tukizalisha takriban tani 20,000 tu.

Katika daftari la HS la mwaka 1988, mkonge ulikuwa na fungu lake wenyewe katika sura ya 53, yaani 5304. Kitani kilikuwa 5301, juti 5303, na sisi 5304. Lakini daftari hilo hupitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Bidhaa mpya hupewa nafasi, na zile ambazo biashara yake imekuwa ndogo mno huondolewa. Marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 1, 2007 yalifuta fungu la 5304 kwa sababu hiyo ya biashara kupungua. Singa za mkonge zikahamishiwa 5305, pamoja na za nazi na nyinginezo zisizotajwa mahali pengine.

Sisemi kwamba kuna aliyetukusudia ubaya. Kanuni ndiyo hiyo, na kitabu lazima kipogolewe. Mwaka 2022 ndege zisizo na rubani zilipewa fungu lao, na simu za kisasa zikapewa kifungu chao. Lakini kufutwa huko kuna madhara yake. Leo mtu akifungua takwimu za dunia za tarakimu sita, hawezi kutenganisha singa za mkonge na makumbi ya nazi. Mkulima mdogo wa Korogwe anayetaka kujua nani ananunua singa, kiasi gani na kwa bei gani, takwimu hizo hazimwambii.

Je, tufanye nini? Kwanza, mfumo wenyewe unaruhusu kila nchi kuongeza tarakimu zake baada ya zile sita. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ushuru wake wa pamoja ulianza Januari 2005, hutumia tarakimu nane. Tarakimu za nyongeza hazifanani dunia nzima, lakini angalau sisi wenyewe tunaweza kujihesabu.

Pili, na hili naliona ni kubwa zaidi, kamba ya mkonge haikufutwa. Kamba za kufungia majani makavu ya mifugo ni 5607.21, na nyingine za mkonge ni 5607.29. Singa ghafi zimepoteza jina, lakini kamba iliyosokotwa bado inaitwa kwa jina lake katika bandari zote. Kila tani tunayoisokota wenyewe kabla ya kuipakia melini inaingia katika daftari la dunia kama mkonge. Tani tunayoipeleka ghafi inaingia kama nyinginezo.

Wazee wetu walihesabiwa kwa namba bila kuulizwa. Sisi tunao wawakilishi na wataalamu wa forodha, na kitabu kitafunguliwa tena mwaka 2028. Tujifunze kukisoma. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.