Mganga wa Mifupa na Mganga wa Hospitali

Sisi wa Kalemie twawaita wote wawili kwa jina moja: mganga. Lakini mtoto akianguka mwembeni na kuvunjika mkono, jamaa hugawanyika: hawa wataka hospitali, wale wamtaka mzee anyoshaye mifupa. Je, lazima hao wawili wawe maadui?

Ugomvi huu si wetu tu. Katika Marekani, mganga Andrew Taylor Still alifiwa na watoto watatu mwaka 1864 kwa homa ya uti wa mgongo. Dawa za siku zile hazikuwafaa kitu. Basi akatafuta kuponya kwa kunyosha viungo kwa mikono, akafungua shule mjini Kirksville mwaka 1892. Kazi hiyo huitwa osteopathi. Waganga wenziwe waliidharau miaka mingi. Lakini shule zake zilikubali kufundisha dawa na upasuaji pia, hata mwaka 1966 jeshi la Marekani likaanza kuwapokea wanafunzi wake kuwa madaktari.

Twaona basi kwamba kilichowapatanisha ni masomo. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata nao ulikubali kwamba waganga wa jadi waweza kusaidia, wakifundishwa ifaavyo.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mfupa ukitoboa ngozi, au vidole vikipoa na kufa ganzi, upesi hospitali! Mabanzi yaliyokazwa mno yaweza kuua mkono mzima. Mzee mwenye hekima ajua mpaka wa kazi yake.