Maneno Yanayotangulia Mzigo

Mtu wa Zuzu, pembezoni mwa Dodoma, anayetaka kupeleka kitu Dar es Salaam hahitaji kufundishwa. Anakitia kwenye boksi, analizungushia utepe wa gundi, anaandika kwa kalamu ya wino mzito jina la mpokeaji na namba ya simu, kisha analivusha mji mzima wa Dodoma mpaka stendi kuu ya Nanenane. Analikabidhi kwa wakala wa basi, analipa, anapewa risiti, anapiga simu: gari fulani, linaingia stendi ya Magufuli saa fulani, nenda na kitambulisho. Mzigo wa basi una lugha yake iliyokamilika na kila anayehusika nao anaifahamu. Hakuna anayeuliza sana kilichomo ndani, labda kama kinavunjika au kinavuja. Boksi linasafiri kwa jina la mtu.

Siku mtu huyohuyo anapopata oda ya Hamburg au Toronto kupitia soko la mtandaoni, lugha hiyo haimtoshi tena. Ng'ambo mzigo husafiri kwa jina la kitu. Afisa forodha wa huko hamjui aliyetuma wala aliyetumiwa, na hatampigia simu yeyote kati yao. Anachotaka kujua ni hiki ni nini, kimetengenezwa kwa nini, kina uzito gani, thamani yake kiasi gani, na kimetoka nchi gani. Maswali hayo yamo katika fomu ndogo za posta ziitwazo CN 22 na CN 23, ya kwanza kwa vifurushi vidogo vya thamani ndogo, ya pili kwa vikubwa zaidi. Zimetungwa na Umoja wa Posta Duniani, ulioasisiwa Bern mwaka 1874, na kwa kawaida huandikwa Kifaransa, lugha rasmi ya Umoja huo, sambamba na Kiingereza. Kwa Kiswahili tunaiita karatasi hiyo tamko la forodha, na istilahi hii naipenda kwa dhati. Tamko ni kauli ambayo mtu huitoa mbele za watu na kukubali kufungwa nayo. Ndivyo sheria inavyoichukulia karatasi hiyo.

Tangu 1 Januari 2021, kanuni za Umoja huo zinataka taarifa za tamko zitumwe kielektroniki kabla kifurushi chenye bidhaa hakijafika. Maneno hutangulia, boksi hufuata. Kwa hiyo nguvu ya muuzaji wa mbali iko katika kutaja. Anayeandika "zawadi" ili kumpunguzia mteja kodi ametoa tamko la uongo, na kifurushi kikifunguliwa na bei ikaonekana kwenye ankara, kinaweza kuzuiwa au kutaifishwa. Anayeandika "vitu vya mikono" hajadanganya, lakini hajasema kitu pia.

Chukua zeze. Katika Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, zeze hupigwa kwa upinde, na sauti yake imevuka bahari zamani, kwa mikono ya marehemu Hukwe Zawose na wanamuziki wengine wa nyanda hizi. Kwetu neno zeze linatosha kabisa. Kwa msomaji wa tamko aliyeko Rotterdam ni silabi mbili tupu. Namna ya kulifikisha ni kulifungua: ala ya muziki ya nyuzi, inayopigwa kwa upinde, kibuyu na mti, mpya, imetengenezwa Tanzania. Kisha inakuja tarakimu. Shirika la Forodha Duniani lina orodha iliyoanza kutumika 1 Januari 1988, yenye makundi zaidi ya 5,000, kila moja na tarakimu sita, na karibu bidhaa zote zinazouzwa baina ya nchi hupangwa humo. Ala za muziki ziko sura ya 92, ala za nyuzi zilizo nje ya kundi la piano ni 9202, na zile za upinde ni 9202.10. Zeze la Mgogo linakaa mstari mmoja na fidla ya Vienna. Kikapu cha milulu cha jirani zetu wa Iringa kipo 4602, asali ya Manyoni 0409. Nimesoma orodha hiyo kwa furaha ileile ninayoipata katika kamusi, maana ni kamusi kweli: imeamua kipi ni ndugu wa kipi. Kama kibuyu cha zeze kimewambwa ngozi ya kenge au mnyama mwingine wa porini, vibali vya wanyamapori vinaingia kati mara moja. Bora muuzaji alijue hilo kabla ya kuwamba.

Zabibu ina kisa kitamu zaidi, na Dodoma haina budi kukijua. Kwa Kiarabu zabib ni tunda lililokaushwa. Bichi lina jina lingine, inab. Neno lilifika pwani yetu likiwa na maana ya kikavu, yumkini kwa kuwa kikavu ndicho kilichoweza kuvumilia safari ya jahazi. Sisi tukalifanya jina la tunda lote, na mizabibu ilipositawi kwenye udongo wa hapa tukalazimika kusema "zabibu kavu" kwa kile ambacho neno lenyewe lilikuwa limekwisha kukisema. Sioni kosa hapo. Lugha hufuata shamba. Lakini kwenye tamko, bichi ni 0806.10 na kavu ni 0806.20, na masharti ya afya ya mimea yanatofautiana. Neno "kavu" halipaswi kusahaulika.

Majina ya mzigo wenyewe tunayo ya kutosha. Bahasha, kifurushi, furushi, mzigo, shehena: masikio ya Mswahili huupima ukubwa kabla macho hayajaona. Tatizo liko kwenye neno usafirishaji, ambalo tumelibebesha kila kitu. Basi linasafirisha abiria, kiwanda kinasafirisha nje, Posta inasafirisha vifurushi, na mahakama inahukumu usafirishaji haramu wa binadamu. Kwenye ukurasa wa duka, "gharama ya usafirishaji" humwacha mnunuzi akijiuliza kama ni kutoka Zuzu mpaka bandarini, mpaka uwanja wa ndege wa kwao, au mpaka mlangoni pake. Zamani tulikuwa na neno kali zaidi, nauli, lililotujia kupitia Kiarabu kutoka katika Kigiriki, ambako lilimaanisha malipo ya chombo cha majini. Leo limehamia kwa abiria karibu moja kwa moja. Natamani tulirudishe kwenye mzigo: nauli ya kifurushi mpaka Hamburg. Kila msomaji angeelewa kuwa ni malipo ya kubebwa tu, na kwamba ya forodha ni mengine.

Kuhusu uzito, soko la mazao limetutangulia. Mkulima yeyote wa nyanda za kati anaijua lumbesa, gunia linalojazwa kupita mdomo wake, ambalo Wakala wa Vipimo amelipiga marufuku kwa miaka mingi. Lumbesa ni ujazo unaojificha nyuma ya hesabu ya gunia moja. Kampuni za vifurushi vya haraka zimekwisha kuziba mwanya huo kwa upande wao: hupima urefu, upana na kimo kwa sentimita, huzidisha, hugawa kwa 5,000, kisha hutoza kwa jibu hilo au kwa kilo za mizani, kubwa kati ya hizo. Boksi la kikapu lenye sentimita 40 kila upande hutoa kilo 12.8, hata kama kikapu chenyewe hakifiki kilo mbili. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaoagiza China huongea kwa sibiemu, mita za ujazo, bila shida. Muuzaji wa vikapu naye anahitaji msamiati huo, kwa sababu utamfundisha kuvipachika kimoja ndani ya kingine na kuuza vitatu kwa seti. Mimi nasema "uzito wa ujazo". Aliye na neno bora alilete.

Sasa tufike kwenye fedha, ambako ulegevu wa maneno unaumiza zaidi. Ushuru, kodi, ada, tozo: mtaani yote manne ni "makato". Lakini kila moja limekuja na akili yake. Ushuru umetokana na Kiarabu, sehemu moja ya kumi. Jina halikuzuia kiwango kubadilika: mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said, mtawala wa Maskati na Zanzibar, na Marekani ulitaja asilimia 5 kwa bidhaa zinazoshushwa katika nchi zake. Ada ni desturi, kile ambacho mazoea yamekubali kilipwe. Tozo ni letu kabisa, kutoka kutoza, yaani kumfanya mtu atoe. Watanzania walilisikia upya Julai 2021 makato ya miamala ya simu yalipoanza. Kifurushi kimoja kinachoingia Ulaya kinaweza kukutana na ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani, na ada ya aliyekipitisha. Ni malipo matatu, kwa watu tofauti, kwa sababu tofauti. Mnunuzi anayedaiwa "kodi" kwa jumla hujiona ameibiwa.

Na liko neno la tano, ambalo lilivuma hapahapa Ugogo. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi hii kavu. Wapagazi walibeba mizigo ya kama frasila mbili, kilo thelathini na kitu, ya nguo, shanga na nyaya za shaba, wakirudi na pembe za ndovu. Kila mtemi wa Kigogo alidai malipo kabla ya msafara kunywa maji ya visima vyake na kununua chakula cha watu wake. Malipo hayo yaliitwa hongo. Yalihesabiwa kwa doti, neno ambalo muuza kanga bado analo mdomoni, na mara nyingi doti hizo zilikuwa za merikani, nguo ya pamba iliyofumwa Marekani. Msafiri wa Kizungu Burton alipita huku akielekea Ziwa Tanganyika. Stanley, msafiri mwingine, mwaka 1871 aliandika majina ya Mvumi, Matamburu na Bihawana, vituo vya Ugogo, na alichotoa hongo akakihesabu kwa doti.

Hongo ilikuwa ushuru halali wa nchi yenye mwenyewe. Ilikuwa na sababu ambayo mtu yeyote aliyeishi kiangazi cha Dodoma anaielewa: maji ni machache, na msafara wa mamia huyamaliza. Lakini haikuwa na kiwango kilichoandikwa. Kila mtemi na kila msafara walianza upya kujadiliana, na siku zilipotea. Waliolipa ndio waliosimulia. Wafanyabiashara wa pwani na wasafiri wa Kizungu walilibeba neno pamoja na manung'uniko yao, na leo hongo ni rushwa, hakuna maana nyingine. Naona hapo dhulma iliyofanyiwa watemi na kamusi zetu, na ningefurahi kuona maana ya kale ikitajwa kwanza. Naona pia jambo la kazi kwa muuzaji wa leo. Malipo yakikosa kiwango na jina, mlipaji atayapa jina lake mwenyewe, na litakuwa baya.

Kwa swali la nani alipe, Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara kina kanuni zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1936. Toleo la 2020 lina kanuni 11, kila moja na herufi tatu. Muuzaji mdogo wa mtandaoni hukutana hasa na mbili: DAP, ambapo ushuru ni wa mnunuzi, na DDP, ambapo muuzaji amebeba yote mpaka mlangoni. Watu huhangaika kuzitafsiri, ilhali Kiswahili cha kila siku kinalo jibu kamili. "Nauli juu yangu, ushuru juu yako." Fundi anaposema vifaa juu yako na ufundi juu yangu, hakuna mkataba ulio wazi kuliko huo. Andika hivyo dukani, kisha weka herufi zao pembeni.

Na swali hilo limekuwa zito. Ulaya iliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifurushi vya chini ya euro 22 tarehe 1 Julai 2021. Sasa, kwa bidhaa za hadi euro 150, soko lenyewe linaweza kuikusanya mnunuzi anapolipa. Marekani ilikuwa ikiviachia vifurushi vya hadi dola 800 bila ushuru. Msamaha huo ulisitishwa kuanzia 29 Agosti 2025, na posta za nchi nyingi zilisimamisha kwa muda vifurushi vya kwenda huko, kwa kuwa hapakuwa na utaratibu wa kukusanya ushuru kabla ya kufika. Kilichosimamisha maboksi ni lile swali la juu ya nani.

Mzigo ukifika, kwetu husemwa "kutoa mzigo", na kitenzi hicho hakihitaji msaada. Forodha ni Kiarabu, mahali pa kushushia bidhaa. Forodhani ya Unguja inakumbuka hilo kwa jina lake. Siku hizi forodha imepanda bara: Isaka, kisha Kwala iliyozinduliwa 31 Julai 2025, ni bandari kavu. Ni istilahi iliyoumbwa vizuri, na nyanda kame zinastahili kuitumia.

Bado ninatafuta neno moja. Bidhaa ikirudi kwa sababu mnunuzi hakuipenda au hakuichukua, tuiite nini? "Marejesho" ingefaa, lakini vikundi vya mikopo vimekwisha kulichukua, na mama yeyote wa Zuzu akisikia marejesho anafikiria deni la Ijumaa. "Mzigo uliorudi" unaeleweka, ila hautofautishi uliokataliwa na uliokosa mwenyewe, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua nauli ya kurudi iko juu ya nani.