Saba Saba na Kamukunji

Jina "Saba Saba", linalotokana na siku ya saba ya mwezi wa saba, lina kumbukumbu mbili zisizofanana katika nchi mbili jirani. Nchini Tanzania linakumbusha kuasisiwa kwa chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954, na leo huwapeleka watu kwenye maonesho ya biashara jijini Dar es Salaam. Nchini Kenya linahusu mkutano wa hadhara ambao wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia waliuitisha mwaka 1990 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kudai mfumo wa vyama vingi, ingawa wote wawili waliwekwa kizuizini siku chache kabla, na umati uliojitokeza hata hivyo ukakabiliwa na polisi kwa nguvu, watu wakauawa. Kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee halali, kilifutwa Desemba 1991.

Uwanja huo umezaa nomino ya kawaida: wanafunzi wa vyuo vikuu huuita mkutano wao wa dharura "kamukunji", na hata wabunge, kwa kinaya kisichowasumbua, hukiita hivyo kikao chao kisicho rasmi. Maandamano, yaani mwendo wa watu wanaofuatana kwa dai moja, hurejea Nairobi mara nyingi siku ya Saba Saba, na Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 huyalinda yakiwa ya amani na bila silaha. Tarehe 7 Julai 2025 polisi walifunga barabara kuu za kuingia katikati ya jiji.