Mwendo wa Picha na Mwendo wa Somo

Ualimu ni kazi ya kujua wakati wa kwenda na wakati wa kusimama. Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza, wanachuo walifundishwa kuchora duara ubaoni polepole, kisha wanyamaze kidogo kabla ya kuandika kanuni. Ukimya ule ulikuwa sehemu ya somo. Siku hizi mjukuu wangu, naye mwalimu wa hisabati, huchora kwa kompyuta na kuutoa mchoro unaotembea kama video. Kila mara hujiuliza maswali mawili: video iende kwa kasi gani, na iwe na ubora gani? Maswali hayo, ndugu msomaji, yana umri mkubwa kuliko wangu.

Mwezi Desemba 1895, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu wa Paris sinema kwa kiingilio. Mashine yao ilizungushwa kwa mkono na kupitisha picha zipatazo 16 kwa sekunde. Kasi ilikuwa mkononi mwa mtu: akizembea, watu kwenye picha walijikokota, akiharakisha, walikimbia. Ndiyo maana filamu nyingi za kimya, zilipoonyeshwa baadaye kwa mashine za kasi zaidi, watu wake walionekana wakirukaruka kama panzi.

Sauti ndiyo iliyoleta nidhamu. Baada ya filamu ya The Jazz Singer kutoka mwaka 1927, kasi haikuweza tena kuachiwa mkono wa mtu. Macho husamehe mwendo ukibadilika kidogo, lakini masikio hayasamehe. Sauti huwa nyembamba au nzito mara moja. Picha 24 kwa sekunde zikawa kipimo. Televisheni za Ulaya zikafuata 25, kwa sababu ya umeme wao wa mizunguko 50 kwa sekunde. Hivyo filamu ya dakika 100 ilimalizika kwa dakika 96, bila tukio hata moja kukatwa.

Mwaka 1977 Charles na Ray Eames wa Marekani walitoa filamu fupi iitwayo Powers of Ten. Kamera inapaa kutoka kwa watu waliopumzika bustanini Chicago, na kila sekunde 10 umbali unaongezeka mara kumi. Hapo kasi si pambo, ni hisabati yenyewe. Mtazamaji anayehesabu sekunde huelewa kipeo kabla hajaambiwa neno hilo.

Mjukuu wangu hutumia programu iitwayo Manim. Ilianzishwa na Mmarekani Grant Sanderson, ambaye mwaka 2015 alianza kutoa masomo ya hisabati kwa video. Katika toleo linalotunzwa na jumuiya ya watumiaji, ubora wa chini ni mistari 480 na picha 15 kwa sekunde. Ubora wa juu ni mistari 1080 na picha 60. Muda wa kila tendo huandikwa peke yake, kwa sekunde. Tendo la sekunde 10 litakuwa na picha 150 au 600, lakini litabaki sekunde 10. Mambo mawili yaliyofungwa pamoja katika mkono wa mwendesha mashine wa kale sasa yametengana: ulaini wa mwendo ni jambo moja, na muda wa somo ni jingine. Anayeyachanganya, akazicheza picha zile 600 kwa kasi ya 15, atapata somo la sekunde 40.

Nawashauri walimu vijana waanze na ubora wa chini, wapime muda kwa saa, na waongeze kituo pale akili inapohitaji kupumua. Ubora wa juu uje mwisho, tena kwa kiasi. Mwanafunzi anayetazama kwenye simu ndogo, kwa bando alilonunua kwa shida, hufaidika zaidi na herufi kubwa kuliko picha 60. Faili ikibanwa kupita kiasi, mistari myembamba na namba ndogo hufifia, na somo hufifia nazo.

Mtazamaji wa leo anaweza kuiendesha video mara mbili ya kasi yake. Hana kitufe cha kuiharakisha akili yake vivyo hivyo.