Makombe ya Bahari Katika Nyumba za Ziwani

Wasomaji wetu, mtu akiingia katika nyumba ya jirani yake akaona kioo cha ukutani kimezungushiwa makombe ya bahari, au kete zimetungwa uzi na kuning'inizwa mlangoni, husifu kazi ya mikono, kisha huketi akaamkiana na wenyeji. Ni vema kusifu. Walakini sisi tufundishao habari za kale hatuwezi kuketi upesi namna hiyo, kwa kuwa Tingi si pwani ya bahari. Ziwa letu la Nyasa ni la maji matamu, na uso wake umeinuka karibu mita 470 juu ya usawa wa bahari. Kauri haiishi humo hata moja. Konokono wa ziwani wapo, tena wa namna nyingi, ila makombe yao mengi ni mepesi, na rangi yake ni ya udongo. Lile kombe zito, jeupe, ling'aalo kama jino, halikuzaliwa huku. Lililetwa. Basi twauliza: lililetwa kwa njia gani, na watu walitoa nini wapate kulishika?

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Watu wa pwani hungoja bamvua, siku ambazo bahari hupwa sana, ndipo huenda miambani kuokota. Kauri iliyo hai hufukiwa mchangani siku kadhaa mpaka nyama yake ioze, kisha huoshwa. Haifai kuachwa juani siku nyingi, maana mng'ao wake hufifia. Atakaye kuitunga huusugua mgongo wake juu ya jiwe hata tundu litokee. Uzi huingia tunduni na kutokea katika ule mdomo wenye meno. Kazi ya kombe lenye umbo la pia ni kubwa zaidi. (Aliokotaye na ajihadhari, kwa sababu mnyama wake akiwa hai huchoma kwa sumu, na wako wawezao kuua mtu.) Hukatwa sehemu yake pana ya juu, penye mizunguko, ikasuguliwa kwa siku nyingi hata iwe kisahani cheupe, kisha ikatobolewa katikati. Watu wa nchi za Zambia hukiita kisahani hicho mpande.

Mpande ulikuwa pambo la wakubwa. Katika mwaka 1960, mafundi waliokuwa wakijenga tangi la maji mahali paitwapo Ingombe Ilede, karibu na mto Zambezi, waliyafukua makaburi ya kale. Wafu wale walizikwa na dhahabu, shaba, nguo na ushanga, na pamoja na hayo vilikuwamo visahani vya makombe ya Bahari ya Hindi. Kimoja kilikuwa kimetiwa bamba la dhahabu nyuma yake. Tufikiri jambo hili vizuri. Kwa mtu wa pwani kombe ni kitu cha kuokota bure. Kwa mtu wa bara liliwekwa pamoja na dhahabu.

Naye David Livingstone, alipopita katika nchi ya Walunda mwaka 1854, aliandika kwamba visahani viwili vya namna hiyo viliweza kununua mtumwa mmoja, na vitano vilihesabiwa kuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu yenye thamani ya pauni kumi za Kiingereza. Habari hii ni ya Walunda, si ya kwetu, wala hatutaki kuihamisha. Twaitaja ili kila msomaji apime mwenyewe: makombe mawili, mtu mmoja.

Njia ya kwetu ilikuwa ile ya Kilwa. Toka ziwani hata Kilwa Kivinje, hata kama mtu angeruka kama ndege, ni zaidi ya kilomita 500. Nao waliiendea kwa miguu, na mizigo vichwani. Katika karne ya 19 Wayao walikuwa mashuhuri katika safari hizo. Ng'ambo ya pili, Kota Kota, alikaa Salim bin Abdallah, aliyeitwa Jumbe, ambaye vyombo vyake vilivusha watu na pembe hata pwani ya mashariki ya ziwa, ili wachukuliwe Kilwa. Kutoka baharini vilipanda nguo, ushanga, nyuzi za shaba, baruti na makombe. Kutoka bara viliteremka pembe za ndovu, na pamoja nazo wanadamu. Hatusemi kwamba kila aliyeuzwa aliuzwa kwa makombe. Merikani na ushanga vilinunua wengi zaidi. Lakini kombe lilipanda kwa njia ile ile walioishuka Wanyasa wengi waliokwenda kulima mashamba ya karafuu Unguja, nao hawakurudi. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini tarehe 5 Juni 1873. Hata baada ya hapo misafara haikukoma mara moja.

Kauri ndogo zilikuwa na safari ndefu zaidi ya hiyo. Katika karne ya 18 Waholanzi na Waingereza walizileta Ulaya kauri za visiwa vya Maldivi, zikauzwa minadani Amsterdam na London, kisha zikapelekwa Afrika ya Magharibi kuwa bei ya watumwa. Katika miaka ya mwisho ya karne hiyo hiyo, mabibi wawili, Jane na Mary Parminter, walijenga nyumba karibu na mji wa Exmouth, Uingereza, wakaipamba sehemu yake ya juu kwa makombe na manyoya ya ndege, kazi ya subira kubwa, nayo ingali ikitazamwa hata leo. Hatuwalaumu mabibi wale. Twastaajabu tu kwamba kitu cha namna moja kiliwekwa ukutani kwa furaha katika nchi moja, na katika nchi nyingine kilihesabiwa mbele ya mtu aliyefungwa kamba.

Baadaye, kampuni ya O'Swald ya Hamburg, iliyofungua nyumba yake Unguja mwaka 1849, ilipakia kauri za pwani yetu ya Afrika ya Mashariki kwa wingi mno, ikazipeleka magharibi kununua mafuta ya mawese. Zikajaa sokoni kupita kiasi, na thamani yake ikaanguka. Waliokuwa wameweka akiba ya kauri wakabaki na rundo la makombe. Katika Uganda nazo zilikuwa fedha, mpaka serikali ya Kiingereza ilipoacha kuzipokea kuwa kodi mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo Waganda waendelea kuita fedha ensimbi, na Kiswahili chetu kinalo neno simbi kwa kombe lilo hilo.

Jina kauri nalo lina habari yake. Twaita kauri lile kombe, na twaita kauri vyombo vyeupe vya Kichina. Waitalia walifanya vivyo hivyo: jina lao la kombe hilo, porcellana, wakavipa vyombo vya China, kwa sababu vyote viwili vyang'aa sawasawa. Tena Waswahili wa kale walivipamba vidaka vya nyumba zao kwa vyombo hivyo, na kule Kunduchi na Kaole wakavipachika hata juu ya nguzo za makaburi.

Tumeandika haya kwa sababu ya jambo lililo karibu nasi. Kete zilizokuwa katika mkufu wa bibi, au kisahani cheupe kilichokaa miaka mingi ndani ya kikapu, siku hizi vyaweza kufunguliwa na mjukuu, vikachanganywa na makombe mapya yaliyonunuliwa Dar es Salaam, vikatiwa gundi na vanishi juu ya fremu ya picha. Pambo laweza kupendeza. Lakini hakuna tena awezaye kusema lipi lilivaliwa na nani. Twawaomba walio na bibi zao wawaulize kwanza, wakaandike jina la mwenye mkufu na mahali ulikotoka, kabla uzi haujakatwa.

Makombe yenyewe nayo husema kidogo kwa anayeyatazama. Kete iliyovaliwa miaka mingi tundu lake limelika upande mmoja, mahali uzi ulipovuta, na meno ya mdomo wake yamekuwa laini. Kauri iliyo nyingi katika pwani yetu ina pete ya manjano mgongoni. Mgongo ukisuguliwa pete hutoweka, lakini umbo hubaki la yai, halina pembe. Ile ijulikanayo sana ya Maldivi ina vinundu pembeni, na kidole chaweza kuvihesabu hata gizani.