Hewa ukaa na mahitaji ya virutubisho vya mazao (Uluguru)

Kuongezeka kwa hewa ukaa angani hubadili kiasi cha virutubisho ambacho mazao huhitaji kutoka udongoni na lishe inayobaki katika mavuno. Kabla ya enzi ya viwanda hewa hiyo ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420.

Mpunga wa mabondeni Morogoro, maharage, migomba na mboga za Mgeta, milimani Uluguru, huitumia hewa ya ziada kujitengenezea wanga mwingi. Mahindi na miwa hunufaika kidogo tu, na faida hiyo huonekana hasa wakati wa ukame. Mmea unaokua zaidi hudai naitrojeni, fosforasi na potasiamu zaidi, lakini matundu ya majani yake hujibana, hivyo hunywa maji kidogo na kuvuta virutubisho vichache vinavyosafiri na maji hayo. Majaribio ya mashambani ya Japani, Australia na Marekani, yaliyochapishwa kwa pamoja mwaka 2014, yalionyesha kuwa hewa ukaa ikifika karibu sehemu 550, mchele hupoteza asilimia 8 hivi ya protini na 5 ya madini chuma.

Katika Milima ya Uluguru, kikwazo kiko udongoni. Mvua kubwa na miteremko mikali huosha rutuba, na udongo wenye asidi huishikilia fosforasi. Utawala wa kikoloni ulipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi miaka ya 1950, mpango uliozua ghasia za 1955, udongo usio na rutuba uliletwa juu. Wakulima walikuwa na sababu ya kuyakataa.

Maharage hujipatia naitrojeni kupitia vinundu vya mizizi: ukikipasua kimoja kwa kucha ukakuta wekundu ndani, kinafanya kazi. Kazi hiyo hula fosforasi. Shamba likiikosa, hewa ukaa ya ziada haileti faida yoyote ya maana. Samadi husaidia, na fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara, hufaa hapa kwa kuwa asidi ya udongo huiyeyusha. Hata hivyo, huenda mbolea hizo zisitoshe kuondoa upungufu wa zinki na chuma katika punje. Kuhesabu magunia pekee hakutoshi kupima mavuno ya Uluguru. Punje zenyewe zipimwe.